Hongo, Mwungwana na Kupagawa: Maneno ya Njia ya Tabora Mbele ya Kamusi

Mwanafunzi wa teolojia anapokutana na neno gumu katika Maandiko ya Kiswahili hufungua kamusi, husoma maana ya kwanza aliyoikuta, kisha huifunga na kuendelea kuandika mahubiri yake. Kwa mazoea hayo kamusi imepewa kiti cha hakimu. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba inastahili kiti cha shahidi. Kamusi husimulia yaliyosikiwa na mtu fulani, mahali fulani, katika miaka fulani. Na kama ilivyo kwa shahidi yeyote, ni haki yetu kuiuliza ilisimama wapi ilipoyasikia. Mifano yetu tutaichukua katika njia ya kale ya misafara iliyopita Tabora, kwa kuwa njia hiyo iliyatumia maneno kadhaa ambayo leo yamo vinywani mwetu, na hata mimbarani, kwa maana nyingine.

Njia hiyo ilianzia Bagamoyo na bandari za jirani, ikapanda Usagara, ikavuka Ugogo, ikafika Unyanyembe, mahali ambapo Burton alipaita Kaze na ambapo leo tunapaita Tabora. Kutoka hapo iligawanyika, tawi moja likienda Ujiji na jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani. Pembe, nguo, shanga na nyaya za shaba, karibu vyote vilisafiri juu ya bega au kichwa cha mwanadamu. Lugha ya njia ilikuwa Kiswahili, lakini ni Kiswahili kilichosemwa na Wanyamwezi, Wamanyema, Wagogo na watu wa pwani kwa pamoja, kila mmoja akitia chumvi ya kwao.

Hongo

Hongo ilikuwa malipo ambayo msafara ulimpa mtemi ili upite katika nchi yake. Ililipwa kwa vitambaa na shanga, baada ya majadiliano yaliyoweza kuchukua siku nyingi, na mahali palipojulikana zaidi kwa hongo palikuwa Ugogo. Wasafiri waliilalamikia sana. Hata hivyo ni vema tuitazame Ugogo kwa jicho la mwenyeji. Nchi ni kavu, visima huchimbwa kwa jasho, na chakula cha mwaka hutegemea mvua chache. Msafara wa watu mia kadhaa ukipiga kambi hapo siku tatu, hunywa maji ya kijiji na kununua nafaka yake. Mtemi aliyedai kitu kwa ajili hiyo alifanya kazi ya mtawala. Malipo yalifanyika mchana, mbele ya wazee, na kila mkuu wa msafara alijua kabla ya kuondoka pwani kwamba sehemu ya mzigo wake ni ya hongo.

Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alilitafsiri neno hili kwa neno la Kiingereza linalotaja mali inayotolewa kwa vitisho. Aliyeandika ndiye aliyelipa, na mlipaji wa ushuru mara chache humsifu mtozaji. Kamusi zilizofuata zilichanganya. Katika kamusi kubwa ya Johnson iliyotolewa mwaka 1939 maana ya ushuru wa njia bado imo, lakini tayari inaishi nyumba moja na maana ya kutoa kitu ili kununua upendeleo. Kwa Mtanzania wa leo maana hii ya pili imekwisha kula ya kwanza: hongo ni rushwa, nayo hutolewa gizani.

Neno lilishukaje hivyo? Sisi tunaona kwamba lilishuka pamoja na mamlaka ya watemi. Tuchukue habari za Unyanyembe yenyewe. Mnywa Sele, aliyemrithi mtemi Fundikira, alipowatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu, walimwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Vita ikaendelea hadi Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865. Mtemi Isike naye alikufa Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba. Tendo la kumdai mtu mali kwa sababu yumo katika nchi unayoitawala halikukoma. Lilihamia katika mikono mingine na kupewa jina lingine. Kwa mtawala mpya liliitwa kodi au ushuru. Jina la hongo likaachiwa yule anayedai bila kuwa na mamlaka inayotambuliwa. Hii ni hukumu yetu, wala haimo katika kamusi yoyote, lakini miaka inaelekea upande huo.

Hapa ndipo jambo linapomgusa mchungaji. Paulo katika Warumi 13:7 anaagiza kodi na ushuru walipwe wanaostahili. Kutoka 23:8 inakataza kupokea rushwa. Je, kitambaa alichopewa mtemi wa Ugogo kiko chini ya agizo gani kati ya haya mawili? Anayesoma historia ya misioni akiwa na kamusi ya leo peke yake atakiweka chini ya Kutoka, na hapo atajikuta katika shida, kwa maana wamisionari wa kwanza waliopita Ugogo katika miaka ya 1870, wakienda Buganda na Urambo, nao walitoa hongo. Tukiisoma kwa maana ya leo, Injili iliingia bara kwa rushwa! Tukiisoma kwa maana ya siku zile, watu hao walilipa ushuru wa nchi walimopita, hata kama walinung'unika. Tena tutakuwa tumemwondolea mtemi aibu ambayo hakuwa nayo alipokuwa hai.

Masikio ya waandishi wa kamusi

Tukisema kamusi ni shahidi, yafaa tujue ilisimama wapi. Ludwig Krapf, mwana wa Kanisa la Kilutheri la Württemberg aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ilitolewa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Masikio yake yalikuwa Mombasa. Steere na Madan wa UMCA walisikiliza Unguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilifanya kazi juu ya msingi huo. Johnson alikuwa katibu wake. Kwa hiyo Kiswahili cha Tabora, kilichokuwa kimesemwa kwa miaka mingi na maelfu ya watu wasiowahi kuiona bahari, kiliingia katika kamusi kama mgeni aliyesimuliwa habari zake na mwingine. Hatusemi kwamba uchaguzi wa 1928 ulikuwa mbaya. Bila kituo kimoja tusingekuwa na Biblia moja ya mwaka 1952. Tunasema tu kwamba uchaguzi una gharama, na bara ndilo lililolipa.

Rebmann, mwenzake Krapf, alitunga kamusi ya lugha ya Nyasa akiwa upande wa Mombasa, kwa kumsikiliza mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, aliyeletwa pwani kutoka kwao. Kitabu kilichapishwa mwaka 1877. Lugha nzima ilipita katika kinywa cha mtu aliyenyang'anywa nchi alimoisemea. Kamusi chache hutaja jina la aliyetoa maneno. Hii ni mojawapo, nasi tunashukuru.

Kwa upande wa Unyamwezi tuna deni kwa ndugu zetu Wamoravian, waliopokea kituo cha Urambo mwaka 1898. Mmoja wao, Edmund Dahl, alitoa kamusi ya Kinyamwezi kwa Kijerumani huko Hamburg mwaka 1915. Anayechunguza maneno ya njia asiiache.

Mwungwana

Neno la pili lina uzito mkubwa zaidi kwa mhubiri, maana limo ndani ya Biblia yenyewe. Katika Wagalatia 4:22–31, tafsiri ya Union inawaweka mbele yetu mama wawili wa wana wa Ibrahimu, mjakazi na mwungwana. Mtume anazungumza juu ya utumwa na uhuru. Lakini msikilizaji wa leo, na hasa kijana, anaposikia mwungwana humwona mtu mpole, mwenye adabu, asiyepaza sauti. Kwa masikio hayo Sara amekuwa mwanamke mwenye tabia njema kuliko Hajiri, na hoja ya Paulo juu ya neema imegeuka somo la malezi. Mahubiri ya namna hiyo yamekwisha kusikika, wala hatumlaumu mhubiri peke yake.

Maana ya kwanza ya mwungwana ni mtu huru, aliyezaliwa asiwe mtumwa wa mtu. Njia ya misafara ndiyo iliyolitikisa neno. Huko bara, katika miaka ya 1870, waungwana walikuwa watu wote waliokuja na msafara kutoka pwani, waliovaa nguo za pwani na kusema Kiswahili, hata kama baadhi yao kwa sheria walikuwa watumwa wenye mabwana Unguja. Aliyekuwa mtumwa Unguja aliweza kuitwa mwungwana Ujiji. Kutoka hapo jina lilivuka Ziwa Tanganyika, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Hivyo neno lilikwisha anza kutaja mwenendo na mavazi kabla utumwa haujakoma.

Kisha utumwa ukakoma kisheria. Amri ya Kijerumani ya mwaka 1904 iliwafanya watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 kuwa huru, na mwaka 1922 serikali ya Kiingereza iliifuta hali ya utumwa Tanganyika yote. Tangu hapo mwungwana alibaki bila mwenzake wa kulinganishwa naye. Neno lililopoteza kinyume chake hutafuta kazi nyingine, na hili lilipata kazi ya adabu. Kamusi za karne yetu bado huihifadhi maana ya uhuru, lakini si hiyo inayomjia msomaji kwanza. Tafsiri ya Habari Njema ya miaka ya 1990 ililiona tatizo na kusema wazi, mwanamke huru. Sisi tungependa mwanafunzi azisome zote mbili, kwa sababu ya Union ina jambo ambalo nyingine haina: inatukumbusha kwamba wasikilizaji wake wa kwanza walikuwemo wazee wa Tabora, Ujiji na Bagamoyo waliojua kwa ngozi zao tofauti ya mjakazi na mwungwana, wasiohitaji kueleweshwa.

Kupagawa

Neno la tatu ni fupi. Kupagaa ni kuchukua mzigo begani, na mpagazi ni mtu wa kazi hiyo. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chakula na mkeka wake. Kutokana na shina hilo tunalo neno kupagawa, ambalo tafsiri ya Union inalitumia katika habari ya mama Mkanaani na binti yake (Mathayo 15:22). Leo tukisikia kupagawa tunafikiri juu ya kelele na kuanguka chini. Neno lenyewe lina picha nyingine: pepo amepanda, na mtu ameufanya mwili wake kuwa bega la kumchukulia. Ni picha ya uchovu kuliko ya ghasia. Mchungaji anayeitwa usiku kwenda kuomba na jamaa yenye mgonjwa wa namna hiyo ataongea nao tofauti akiijua, na pengine ataanza kwa kumwuliza mgonjwa ni nini alichokibeba.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi katika njia ile ikaisha. Mwandishi wa kamusi angeweza kuliandika neno hilo kuwa ni la zamani. Lakini limehamia Kilimanjaro, ambako wapagazi huwapandishia watalii mahema na vyakula, na kuyashusha tena. Washarika wetu wa Marangu na Machame wanaposikia Mathayo 11:28 ikisomwa Jumapili, wapo kati yao waliotua mzigo langoni jana yake.