Mposaji Mgeni Kutoka Migodini: Kibali cha Ukaazi na Wajibu wa Walii



Suali: Binti yetu ni muuguzi Geita. Ameposwa na Muislamu, raia wa nchi ndogo ya Ulaya, aliye fundi mgodini. Anasema ana kibali cha kuishi nchini. Baba yake yuko Unguja na ndiye walii. Aangalie nini kabla ya kuozesha? Na kibali kikiisha, ndoa itakuwaje?

Jibu: Suali hili linatufikia mara kwa mara, kwa kuwa vijana wetu wengi wako Geita, Kahama na Shinyanga kwa kazi na biashara. Tunajibu kwa sehemu.

Kwanza: ndoa yenyewe

Katika madhehebu yetu ya Shafi nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko. Uraia haumo. Ndoa ya Muislamu mgeni ni sahihi, na haivunjiki kwa kumalizika kibali.

Jambo la kuogopwa ni muda. Mposaji akisema katika tamko kwamba anaoa mpaka mkataba wake wa mgodini uishe, hiyo ni mut'a, nayo ni batili. Akiuficha muda huo moyoni bila ya kuutamka, wanavyuoni wengi wanasema ndoa inasihi, lakini Imam Al-Awzai ameihesabu kuwa ni mut'a. Vyovyote iwavyo, ni kumghuri binti wa watu.

Pili: kibali alichonacho

Kwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, vibali vya ukaazi ni vya daraja tatu. Daraja A ni la mwekezaji au aliyejiajiri. Daraja B ni la mwajiriwa. Daraja C ni la wengineo, kama vile wanafunzi na watafiti. Fundi wa mgodini huwa na daraja B, na hilo limefungwa kwa mwajiri aliyemuombea. Akiacha kazi au akiachishwa, kibali hakimfai tena.

Mbali na hicho, anahitaji kibali cha kazi. Tanzania Bara kinatolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia. Sheria hiyo inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi ya mgeni. Maana yake, kazi ya mgeni ina mwisho tangu siku ya kwanza. Migodi nayo ina mwisho: Buzwagi pale Kahama ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021.

Akikwambieni kwamba kazi ikiisha atahamia Unguja afanye kazi, jueni kuwa uhamiaji ni jambo la Muungano lakini kazi si la Muungano. Kibali cha kazi cha Bara hakitumiki Zanzibar. Ataomba kingine huku.

Tatu: ndoa haibadilishi uraia wake

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamme wa kigeni aliyeoa Mtanzania hakupewa njia hiyo. Kwa hivyo msiozeshe kwa kudhani kwamba cheti cha ndoa kitambakisha nchini. Watoto watakaozaliwa hapa ni raia kwa upande wa mama yao. Lakini mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, na binti akichukua uraia wa mumewe kwa hiari yake ataupoteza wa Tanzania.

Nne: jina la binti kwenye leseni

Leseni ndogo ya uchimbaji, ile ya wachimbaji wadogo, hupewa raia tu. Mposaji akiomba leseni ikatwe kwa jina la mke ili yeye ndiye achimbe, mkataeni. Huko ni kuidanganya serikali, na deni au kesi ikitokea itamkuta aliyeandikwa. Mgeni aliyeingia kwa viza ameingia kwa ahadi, na Suratul Maida katika aya yake ya kwanza imewaamrisha Waumini kutimiza ahadi.

Tano: akitaka kumchukua kwao

Viza ya Schengen ya muda mfupi ni ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Ni ya kutembelea, si ya kuhamia. Kuishi na mume kunataka kibali cha ukaazi cha nchi ile, na kwa kawaida huombwa kabla ya kusafiri, kwa cheti cha ndoa iliyosajiliwa. Karatasi ya msikitini peke yake haitoshi.

Ulizeni pia kama ana mke kwao. Kwetu mke wa pili ni halali, lakini kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia za wageni hairuhusu mke wa pili kujiunga na mume anayeishi huko na mke mwengine, na sheria za nchi zenyewe kwa kawaida hazimtambui. Binti atabaki hapa, na mume kule.

Ama sharti la kutomhamisha binti, kwa Imam Shafi halimfungi mume, na ndoa inabaki sahihi. Kwa Imam Ahmad linamfunga, na akilivunja mke ana haki ya kudai ndoa ivunjwe. Bora mkubaliane mapema mbele ya watu wazima wa pande zote.

Muhtasari kwa walii

Aone kwa macho yake pasipoti, kibali cha ukaazi na kibali cha kazi, na tarehe zake. Aone hati ya kwao inayoonesha kama ana ndoa nyengine. Aulize msikiti anaosali na wafanyakazi wenzake. Ndoa isajiliwe. Kuchelewesha jibu kwa ajili ya uchunguzi si kumzuia binti kuolewa. Huo ndio uwalii. Akionesha yote na dini yake ikaridhisha, asikataliwe kwa ugeni wake. Akikataa kuonesha, hilo ndilo jibu lenu.

Wallahu a'lam.