Kuonja na Kuhukumu Bia za Viwanda Vidogo

Kuhukumu bia si sawa na kuifurahia. Mnywaji hujiuliza kama imempendeza. Mwamuzi hujiuliza kama imetimiza masharti ya aina yake. Kwa sababu hiyo, katika mashindano bia hugawanywa kwanza kwa aina, na mwamuzi huambiwa aina iliyo mbele yake lakini haambiwi imetoka kiwanda gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Bamberg, mji wa kaskazini mwa Bavaria, Ujerumani. Huko viwanda vya Schlenkerla na Spezial bado hukausha kimea cha shayiri juu ya moto wa kuni, kama walivyofanya watengenezaji wa kale kabla ya matanuri ya hewa safi. Bia inayopatikana, Rauchbier, hunukia moshi kiasi kwamba anayeionja mara ya kwanza hudhani kuna nyama iliyokaushwa mezani. Katika kundi lake moshi huo huleta alama. Ukijitokeza katika pilsner, ni kosa. Ndivyo ilivyo pia kwa harufu ya ndizi katika bia ya ngano ya Bavaria. Haina ndizi hata moja. Hamira ndiyo huzalisha esta yenye harufu hiyo wakati wa uchachukaji. (Mbege ya Wachagga ni habari nyingine, kwani yenyewe hupikwa kwa ndizi mbivu pamoja na ulezi uliomea.) Harufu ya ndizi ikisikika katika laga, hamira imechachusha kwenye joto lisilofaa.

Fomu ya kutolea alama inayotumika sana ni ya BJCP, mpango wa kuthibitisha waamuzi ulioanzishwa Marekani mwaka 1985, ambao hasa huhukumu bia za watengenezaji wa nyumbani. Jumla ni alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Alama 3 za mwonekano huwashangaza wanaonunua bia kwa macho, lakini naona mgawanyo huo ni wa haki: povu zuri halijawahi kuiokoa bia mbovu. Zile 10 za mwisho ndizo za kuangaliwa, maana humo upendeleo wa mwamuzi hupata pa kujificha.

Harufu hupimwa mara tu bia inapomiminwa, kwa kuwa sehemu kubwa yake hutoweka upesi. Kiasi kidogo kinatosha, ila kisiwe cha baridi kali, kwani baridi hufunika harufu na kuua ladha. Bia humezwa, tofauti na mvinyo unaotemwa, maana uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa katika bia, hubaki baada ya kumeza. Waamuzi wawili au watatu huandika kimya, kisha hulinganisha alama; zikiachana sana, hujadiliana.

Makosa yana majina yanayojulikana. Diasetili hunukia siagi, nayo huvumiliwa kidogo katika laga za Kicheki. Asetaldehidi hunukia tufaa bichi, na mara nyingi huashiria bia iliyotolewa mapema mno. DMS (dimethili salfidi) hukumbusha mahindi ya kuchemsha. Mwanga ukipiga chupa ya kijani au isiyo na rangi, hugusa viambato vya hopsi na kuzaa uvundo ambao Wamarekani huufananisha na wa mnyama wao skunk. Kwetu kicheche angetosha. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya madhara hayo.

Kosa linaloviumiza zaidi viwanda vidogo ni ladha ya boksi lililoloa, dalili kwamba oksijeni imeingia na bia imezeeka. Joto la ghala au la lori huharakisha jambo hilo, na bia ya hopsi nyingi ndiyo hudhurika upesi, kwa kuwa manukato ya hopsi hupotea kwanza. Mashindano makubwa, kama Great American Beer Festival lililoanza Colorado mwaka 1982, hutoa medali za dhahabu, fedha na shaba, na waamuzi wanaweza kukataa kutoa dhahabu pasipo bia inayostahili. Hata hivyo medali huhusu chupa iliyofika mezani siku ile. Anayenunua dukani aanze na tarehe ya kujazwa, kisha aangalie kama chupa ilikaa kwenye friji au dirishani.