Oyee: Wimbo Uliotangulia Nchi Yake

Chukua maneno ya wimbo wa taifa wa Sudan Kusini uyasome mstari kwa mstari. Jina lake ni "South Sudan Oyee!", lakini ndani yake neno oyee hulikuti. Utakuta shukrani kwa Mungu, sifa za ardhi yenye neema tele, bendera na nyota yake, wazalendo wanaoombwa wasimame kimya kwa heshima ya waliokufa, kisha dua ya kuiombea nchi baraka. Oyee yenyewe imebaki kwenye kichwa cha wimbo tu. Wanaoitia ni watu. Matarumbeta yakinyamaza, mmoja hupaza sauti, umati ukaitikia, na kwa masikio yangu hapo ndipo wimbo huu unapokamilika.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kufasiriwa neno hilo. Ni hoyee yetu ile ile ya viwanja vya siasa, ya enzi za TANU na KANU, ya mpirani na ya harusini. John Garang, aliyeiongoza harakati ya ukombozi ya SPLM na jeshi lake la SPLA tangu mwaka 1983, alipata sehemu ya elimu yake Tanzania, na alipita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ambayo Yoweri Museveni naye alikuwa pale. Miaka ya vita wapiganaji wake walikuwa na salamu moja iliyopita juu ya lugha zote za makabila yao: SPLA oyee. Anayeita hutoa nusu, na nusu ya pili ni ya anayeitika. Neno la namna hiyo halisemwi na mtu aliye peke yake, na huenda ndiyo sababu limefika mbali kuliko hotuba zote zilizolizunguka.

Kwa nini wimbo mchanga kiasi hiki, uliotungwa kwa mashindano na kupitishwa na kamati, unawatoa machozi watu wazima? Nimewasikia wajuzi wa muziki wakiusema vibaya: lahani yake ni ya bendi ya jeshi, Kiingereza chake ni kizito. Sibishani nao juu ya lahani. Ila wanausikiliza kana kwamba ulianza pale unapoanza kupigwa, na mtu wa Juba hausikii hivyo. Yeye anasikia pia wimbo uliokuwapo kabla.

Tarehe 1 Januari 1956 Sudan ilipopata uhuru, ilichukua wimbo uliokuwa wa jeshi, wenye maneno ya Kiarabu ya mshairi Ahmad Muhammad Salih na muziki wa Ahmad Murjan. Wimbo ule unawaita raia askari wa Mungu, askari wa nchi. Miezi minne tu kabla ya uhuru huo, tarehe 18 Agosti 1955, askari wa kusini walikuwa wameasi Torit, na damu ilikuwa haijakauka. Kisha ukaja utawala wa Jenerali Abboud mwaka 1958. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ikahamishwa kusini kutoka Jumapili kwenda Ijumaa, na mwaka 1964 wamisionari wa kigeni wakafukuzwa. Katikati ya hayo yote mtoto wa shule Juba, Wau au Malakal alisimama wima asubuhi, akaimba kwamba yeye ni askari wa nchi iliyokuwa ikimtumia askari nyumbani kwao. Aliuimba kwa sababu mwalimu alikuwa anatazama. Wimbo wa namna hiyo haumtoki mtu kichwani. Hadi leo wazee wengi wanaujua wote, na wakiuanza kwa bahati mbaya sura hubadilika.

Waliokimbia waliimba nyimbo za wenyeji wao. Kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992 kaskazini ya Kenya, miongoni mwa waliofika mwanzo walikuwa maelfu ya wavulana waliokuwa wametembea kutoka Sudan hadi Ethiopia, wakafukuzwa huko, wakatembea tena. Waliosoma shule za Kenya walijifunza wimbo wa taifa wa Kenya, ule ambao lahani yake ilitokana na bembelezi ya Wapokomo, akina mama wa Mto Tana wakiwalaza watoto. Wengine walikulia Uganda wakaimba wa Uganda. Kwa hiyo Juba leo unaweza kumkuta mwanamume wa miaka arobaini na kitu, dereva wa bodaboda au afisa wa wizara, anayejua kwa moyo nyimbo mbili tatu za taifa alizozisimamia kabla hajapata ya kwake. Kiswahili anachokuongelea hapo soko la Konyo Konyo mara nyingi kilitoka njia hiyo hiyo.

Mkataba wa amani kati ya Khartoum na SPLM ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Garang alikufa tarehe 30 Julai mwaka huo helikopta ilipoanguka akirudi kutoka Uganda, akazikwa Juba. Kura ya maoni iliyoahidiwa katika mkataba ilibaki mbele, na watu hawakuingoja wakiwa wamekaa. Mwaka 2010, kabla kura haijapigwa na kabla jina la nchi halijakubaliwa, SPLM na jeshi lake waliitisha mashindano ya kutunga wimbo wa taifa. Kulikuwa na mapendekezo ya kuiita nchi Azania, wengine walitaka Cush ya kwenye Biblia, wengine jina la Mto Nile. Rasimu ya mwanzo ya wimbo ilibeba hilo la Cush. Maneno yalikatwa, yakashonwa upya, na Cush ikatoka. Naona walifanya vizuri. Jina la kale lingempendeza msomi na mchungaji, lakini mama wa Torit au wa Bentiu asingejiona ndani yake.

Muziki ulioshinda ulitoka kwa wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Juba. Jambo hili hutajwa kwa sentensi moja na kupitwa, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1975, katika miaka ya utulivu iliyofuata makubaliano ya Addis Ababa ya 1972. Vita vilipokaza, mwaka 1989, kilihamishiwa Khartoum, na huko kikakaa takriban miaka 20, chuo chenye jina la mji kisimoweza kuishi. Ndani ya madarasa yake ya ugenini walisoma vijana ambao Juba waliisikia kwa wazazi tu. Wimbo ulipohitajika, chuo kilikuwa katika safari ya kurudi nyumbani. Walioutunga walikuwa wenyewe wamehamishwa, na walikuwa wakifungua mizigo.

Kura ilipigwa kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari 2011. Asilimia 98.83 walichagua kujitenga. Uhuru ukapangwa Julai, na watu wakawa na wimbo wasioujua. Wiki zile Juba ilijifunza kuimba. Kwaya za makanisa, watoto wa shule, askari kwenye viwanja vya gwaride, kila mmoja na karatasi yake, na wasiojua kusoma wakishika maneno kwa sikio. Tukumbuke kwamba wakati huo kiwango cha kusoma na kuandika kwa watu wazima kilitajwa kuwa asilimia 27, na wimbo ni wa Kiingereza, lugha ambayo wengi hawaitumii sokoni wala nyumbani, ambako Kiarabu cha Juba na lugha za makabila ndizo zinazotawala. Mama aliyekariri maneno yale alikuwa akikariri sauti. Bado aliyashika, maana alijua yanazungumzia nini: waliokufa, na yeye anawajua kwa majina.

Tarehe 9 Julai 2011, kwenye uwanja wa kaburi la Garang, jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Rais Omar al-Bashir wa Sudan alikuwepo, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon alikuwepo. Spika James Wani Igga alisoma tangazo la uhuru. Bendera ya Sudan ikashuka, ya Sudan Kusini ikapanda, na wimbo ukaimbwa kwa mara ya kwanza ukiwa wa dola. Hebu fikiria mzee aliyekuwa mtoto Torit mwaka 1955. Ametumia miaka 56 kufika kwenye dakika hiyo. Wimbo unapofika mahali panapowataka watu wasimame kimya kwa ajili ya mashahidi, yeye haimbi tena. Anahesabu.

Nguvu ya nyimbo za aina hii nimeifahamu zaidi kwa kuutazama wimbo mwingine, wa mbali. Miongoni mwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa Sudan Kusini wamo wahandisi wa kijeshi kutoka Bangladesh, watu wanaofufua barabara kila mvua zinapozimeza. Wimbo wao wa taifa, "Amar Sonar Bangla", uliandikwa na Rabindranath Tagore mwaka 1905, Lord Curzon alipoigawa Bengal vipande viwili. Lahani yake ilichukuliwa kwa Gagan Harkara, mwimbaji wa kijijini aliyekuwa mpeleka barua. Hauna vita ndani yake. Unaisifia ardhi kama mama. Dola la Bangladesh lilikuja mwaka 1971, miaka 66 baadaye, na Tagore alikuwa amekufa tangu 1941. Kabla ya hapo, mwaka 1967, serikali ya Pakistan iliwahi kutangaza kuzizuia nyimbo za Tagore redioni, na marufuku yakazifanya zipendwe maradufu. Wabengali walikuwa na wimbo wakingoja nchi ije iuvae. Juba ilifanya hivyo hivyo kwa muda mfupi mno, mwaka mmoja hivi. Tofauti ni kwamba wimbo wa Wabengali ulipata muda wa kuzeeka vinywani mwa watu kabla haujakabidhiwa kwa marais. Huu wa Juba ulikabidhiwa ungali na unyevu.

Na marais wakauumiza. Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 risasi zililia katika kambi ya jeshi Juba, na vita kati ya wafuasi wa Rais Salva Kiir na wa aliyekuwa makamu wake, Riek Machar, vikasambaa kwa njia ya kabila. Watafiti wa chuo kimoja cha afya London walikadiria mwaka 2018 kwamba vifo vilivyotokana na vita hivyo vilikaribia laki nne. Pande zote mbili zilibaki na jina la SPLM, zote mbili zikawa na haki ya kuita oyee. Neno lililohitaji watu wawili sasa liliitwa na watu waliokuwa wakiuana. Mwaka 2016 serikali ilifuta sherehe za miaka mitano ya uhuru kwa kukosa fedha, na tarehe 8 Julai, mkesha wa siku yenyewe, mapigano yakazuka Ikulu. Wakazi walikesha sakafuni.

Mwaka huo huo wasanii vijana waliunda kundi wakaliita Ana Taban, maneno ya Kiarabu cha Juba yanayomaanisha nimechoka. Walichora kuta za mji, wakacheza maigizo barabarani na sokoni, wakaimba. Kuna walioona ni kuikana nchi. Mimi naona walikuwa ndio waitikiaji waliobaki, waliokuwa wameitwa oyee miaka mitano na sasa walikuwa wanajibu kwa ukweli, kwa lugha ambayo wimbo wa taifa haukuandikwa nayo. Mkataba wa Septemba 2018 uliwapa watu pumzi, ingawa pumzi hiyo imekuwa ya kukatika katika.

Yote hayo yalikuwa nyuma ya vijana 12 waliosimama mstarini tarehe 28 Julai 2024 katika uwanja wa Lille, Ufaransa. Ilikuwa mechi ya kwanza ya Sudan Kusini ya mpira wa kikapu katika Olimpiki, dhidi ya Puerto Rico, siku mbili kabla ya Siku ya Mashahidi inayoadhimishwa kila tarehe 30 Julai. Mmoja wao, Wenyen Gabriel, alizaliwa Khartoum, familia ikapitia Cairo kabla ya kufika Marekani. Rais wa shirikisho lao, Luol Deng, alikimbia na familia yake hadi Misri kisha London. Nchi yao haikuwa na uwanja wa ndani wenye hadhi ya kuchezea mechi za kimataifa. Wiki moja kabla, London, walikuwa wamepungukiwa na pointi moja tu mbele ya Marekani, 101 kwa 100.

Wakaweka mikono vifuani. Muziki ukaanza, na ulikuwa wimbo wa Sudan.

Huenda fundi wa mitambo alibonyeza jina lililofanana. Waandaaji waliomba radhi baadaye wakasema ni kosa la kibinadamu, na sina sababu ya kutowaamini. Lakini tazama sekunde zile. Wachezaji wanaangaliana. Mikono inashuka mmoja baada ya mwingine. Jukwaani mashabiki wanazomea, kelele inazidi mpaka muziki unakatwa. Hao wengi wao ni vijana, hawakusimamishwa katika shule za enzi za Abboud wala za Rais Numeiri baada yake. Hata hivyo sauti chache za mwanzo zilitosha wajue, kama mtu anavyojua harufu ya nyumba aliyofukuzwa.

Wakabaki wamesimama. Uwanja ukaanza kuwapigia makofi, watu wa mataifa mengine nao wakaingia. Zilipita kama dakika tatu za kungoja. Kisha ukapigwa wimbo uliotungwa Juba, na mikono ikarudi vifuani. Ulipokwisha, kelele ikashuka kutoka jukwaani, ile nusu ya neno ambayo haikuandikwa.

Mechi ikaanza. Sudan Kusini walishinda, 90 kwa 79.