Shankland, Bert
Dereva wa mashindano ya magari, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam. Enzi yake ya ushindi ilikuwa fupi lakini nzito: akiwa na msomaji ramani Chris Rothwell, alitwaa Safari ya Afrika Mashariki mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, zote kwa Peugeot 404. Mashindano hayo yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Enzi ya Shankland yalifanyika Pasaka, masika yakiwa yamekolea, na matope ndiyo yaliyowachuja madereva. 1963 yalimaliza magari 7 tu. Gari likikwama, msomaji ramani alishuka, akapanda bampa la nyuma na kulikandamiza kwa uzito wake mpaka matairi yashike ardhi. Shankland anastahili kutajwa zaidi katika historia ya michezo ya Tanzania. Mwaka 1968 Peugeot 404 ilishinda tena, safari hii usukani ukishikwa na Nick Nowicki.