Sambaza, mwezi na mvua: namna misimu inaongoza uvuvi wa Ziwa Kivu na mto Ruzizi

Wamama wanaouzisha sambaza pale Muhanzi, Nyawera na Kadutu wanazoea kulaumiwa na wateja: juzi sahani ilikuwa imejaa, leo ni nusu, na bei ni ileile. Mara nyingi kosa si la muuzishaji. Kinachoamua wingi wa sambaza sokoni ni mwezi wa angani, mvua, upepo, na vilevile namna watu wanavyovua kando ya ziwa.

Tuanze na mwezi. Mchana sambaza hukaa chini, mbali na macho ya ndege na ya samaki wengine. Jua likizama, inapanda juu kufuata vidudu vidogo sana vya majini ambavyo ni chakula chake. Ndiyo maana ekipe za wavuvi hutoka jioni, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka, wavu ukishushwa chini ya mwanga. Mtu aliye kwenye mlima wa Bukavu anaona taa hizo kama mji mwingine juu ya maji, na usiku ukitulia anasikia nyimbo zao za kupiga makasia. Taa inavuta vidudu, vidudu vinavuta sambaza. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, taa inakosa nguvu, samaki inatawanyika. Siku hizo ekipe nyingi zinabaki kwao kushona nyavu. Kwa hiyo, mteja anayetaka sambaza kwa bei nafuu achunge kalenda: usiku wa giza ndio wake.

Sambaza yenyewe si mzaliwa wa Kivu. Ilitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa hapa kati ya mwaka wa 1958 na 1960, wakati wa Wabelgiji. Kivu lilikuwa na aina chache za samaki, na katikati ya ziwa hapakuwa na samaki aliyekula vile vidudu. Wazungu walifanya vivyo hivyo kwingine: trauti wa mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya aliletwa tangu mwaka wa 1905, ili mabwana wapate mchezo wa kuvua kwa fimbo na nzi wa bandia. Tofauti ni kwamba sambaza haikuletwa kwa mchezo. Ilichukua miaka mingi kuzaana, na uvuvi wa taa ulikua kweli tangu mwisho wa miaka ya 1970. Leo watu wengi wanaiona kama chakula cha mababu.

Hapa kwetu mvua inaanza mwezi wa tisa na kumalizika mwezi wa tano. Kiangazi ni mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Wengi wanafikiri kiangazi ni wakati mbaya kwa ziwa, kwa sababu hakuna maji mapya. Kwa samaki ni kinyume. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini samaki wanaishi sehemu ya juu tu, hadi mita 60 hivi. Chini ya hapo hakuna hewa ya kupumua. Kuna gazi ya metani na nyinginezo. Wakati wa kiangazi upepo unavuma na maji ya juu yanapoa, yanazama kidogo na kuchanganyika na yale ya chini yake. Mbolea iliyokuwa imelala inapanda, majani madogo ya majini yanaota, vidudu vinaongezeka, na sambaza inapata chakula. Upepo huohuo, lakini, ndio unaopindua mitumbwi, hasa ile inayobeba watu na mizigo kupita kiasi.

Mvua nayo inaleta mambo mengine. Mito inayoshuka milimani, kama Kawa hapa mjini, inabeba matope, takataka na maji machafu ya nyumba zilizojengwa ovyo kwenye miteremko. Tilapia inayotaga mayai kwenye ukingo inafunikwa na matope. Na mito hiyo inaweza kuua watu: tarehe 4 mwezi wa tano mwaka wa 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilifurisha mito ya Kalehe, na huko Bushushu na Nyamukubi zaidi ya watu 400 walikufa.

Jambo linaloumiza sana wavuvi wa ekipe ni vyandarua vya mbu. Sambaza huzaa karibu na ukingo, na watoto wake wanakulia kwenye ghuba na midomo ya mito, ambako maji ni mafupi. Anayekokota chandarua pale anachukua samaki wa urefu wa kucha, ambao wangekuwa kilo nyingi baada ya miezi michache. Si kila mara ni ubaya. Mara nyingi ni njaa ya leo. Ngambo ya Rwanda uvuvi unafungwa kwa muda kila mwaka. Kule Ziwa Tanganyika nchi zinazolizunguka zilikubaliana kufunga miezi mitatu, na mwaka wa 2024 Tanzania ilifunga toka tarehe 15 mwezi wa tano hadi 15 mwezi wa nane. Upande wetu, kufunga bila kumpa mvuvi kitu cha kulisha nyumba yake ni kumwambia avue usiku kwa kujificha.

Inabaki Ruzizi, mlango pekee wa kutokea maji ya Kivu. Unaanza hapa Bukavu, kati yetu na Rwanda, na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika kupitia maporomoko makali. Maporomoko hayo ndiyo yamezuia samaki wa Tanganyika kupanda wenyewe. Kwa kawaida maji yako juu mwisho wa mvua, yanashuka kiangazi. Mvua za kwanza za mwezi wa tisa zinasukuma chupa na mifuko yote iliyotupwa mjini mwaka mzima hadi kwenye kizuizi cha Ruzizi ya kwanza, mashini zinakwama, na kata nyingi zinalala gizani.