Sanaa ya kutembea

Sanaa ya kutembea ni aina ya sanaa ambamo mwendo wa miguu wenyewe ndio kazi ya sanaa, au ndio njia ya kuiandaa. Mara nyingi hufanywa na kundi: washiriki hufuata njia fulani, husimama mahali penye historia, husikiliza masimulizi ya wenyeji, kisha huhifadhi waliyoyapata kwa ramani, picha, sauti au maandishi.

Historia

Mwaka 1967 Mwingereza Richard Long alitembea huku na huku katika uwanja wa majani mpaka mstari ukaonekana, akaupiga picha. Mwaka 1988 Marina Abramović na Ulay walianza safari kutoka pande mbili za Ukuta Mkuu wa China, wakakutana njiani na kuagana. Hamish Fulton, pia wa Uingereza, ameongoza matembezi ya makundi.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki safari za miguu za pamoja ni za kale kuliko sanaa hiyo, lakini zilikuwa kazi, na kwa watumwa zilikuwa mateso. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi walibeba mizigo ya kilogramu 30 hivi, wakiimba nyuma ya kirangozi. Baada ya David Livingstone kufariki tarehe 1 Mei 1873, Susi, Chuma na wenzao walibeba mwili wake hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya Tanzania ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia. Mamboya, katika eneo la Kilosa, ni mojawapo ya vituo vyake.

Kumbukumbu na mandhari

Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa. Kwa hiyo njia yenyewe ni sehemu ya kumbukumbu yao.

Jambo kama hilo lahusu pia milima ya Vidunda, makao ya Wavidunda, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Jina la kijito, mahame au kaburi hukumbukwa kwa urahisi zaidi mtu akiwa amesimama hapo. Wazee wasipotembea na vijana, majina hayo yanaweza kupotea hata kama mahali penyewe pamebaki.

Kwa mkulima njia hiyohiyo ni ya kwenda shambani. Ndiyo maana matembezi ya sanaa huhitaji ridhaa na uongozi wa wenyeji.