Maji ya Nzuani

Sisi wa Unguja tukitaja Komoro, aghalabu tunamaanisha Ngazija. Huko ndiko asili ya masheikh wetu wengi. Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi aliyefariki Unguja mwaka 1925, alizaliwa Itsandra. Nzuani tunaisahau. Nami nisingefika lau si rafiki yangu, mwalimu mstaafu wa Mutsamudu, aliyenishikilia kwenye simu: "Yaani ufike Moroni, kisha urudi zako? Panda feri, ndugu yangu."

Nikapanda. Ukiwa sitahani unaiona Ngazija ilivyo: mlima Karthala, mita 2,361, ungali hai, na pwani ya mawe meusi yaliyomiminika kutoka tumboni mwake. Mvua hunyesha sana, lakini mawe yale huinywa yote. Mto hakuna, watu huishi kwa mabirika ya kukingia maji ya mvua. Nzuani ni kongwe zaidi. Moto wake ulizimika zamani, na maji yamekichonga kisiwa hata kimekunjamana kama karatasi iliyofumbatwa mkononi. Njia za kule hazina huruma kwa magoti. Lakini mito ilishuka hadi baharini, na mji wa Mutsamudu ulitajirika kwa sababu hiyo.

Tangu karne ya 17 meli za Kiingereza zilizokwenda Bara Hindi zilitia nanga Nzuani, ambayo mabaharia waliiita Johanna. Baada ya miezi baharini walitaka maji, ng'ombe na matunda ya kuwaponya kiseyeye. Mwaka 1783 alishuka Sir William Jones, jaji na mwanaisimu aliyekuwa njiani kwenda Calcutta, naye akaandika habari za kisiwa. Wakubwa wa mji walijipa vyeo vya kilodi vya Kiingereza, wakatunza barua za sifa walizoandikiwa na manahodha ili kila mgeni mpya azisome. Mwenyeji wangu hucheka kila akisimulia hayo. Mimi naona ulikuwa ujuzi wa biashara, tena wa hali ya juu.

Ngome iliyo juu ya mji, mizinga yake ikiwa bado imelala pale, ni ya karne ya 18. Mwishoni mwa karne hiyo Wasakalava na Wabetsimisaraka walikuja kwa mitumbwi kutoka Bukini, yaani Madagaska, kuteka watu. Hadithi hiyo utasimuliwa bila kuuliza. Wasichokitaja upesi ni kwamba Nzuani yenyewe ilikuwa na watumwa, na kwamba karne ya 19 konsuli wa Uingereza, William Sunley, aliwatumia katika shamba lake la miwa huko Pomoni. Alipotakiwa achague, aliacha ukonsuli akabaki na shamba.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli zilipata njia nyingine. Wafaransa wakaingia mwaka 1886, mashamba ya milangilangi yakaenea, na maua yake huchemshwa kwa kuni ili kutoa mafuta ya manukato. Kuni hizo hutoka milimani. Mito mingi iliyotiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Kwa rafiki yangu tuliamka alfajiri kujaza madumu kabla bomba halijakatika.

Mgeni wa Mutsamudu hupelekwa ngomeni kwanza. Kwa maoni yangu, cha kulindwa kwanza ni msitu wa mlima Ntringui, maana mito inaanzia huko.